Naili Mjini Jinja: Historia ya Mto na Wanaoutumia

Miji mingi ya Afrika ya Mashariki iliyojengwa kando ya maji ilianza kwa sababu ya kazi: kivuko, uvuvi, reli au kiwanda. Starehe ilikuja baadaye, na kwa kuwa ilikuja baadaye ilidhaniwa kuwa si haja. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa mfano wa Jinja nchini Uganda, kwamba matumizi ya mto kwa burudani nayo yana historia, na kwamba mji usioyawekea utaratibu mapema huyapoteza kabla haujayajadili.

Jinja iko pale Naili inapotoka katika Ziwa Viktoria. Jina lake latokana na neno la wenyeji lenye maana ya jiwe, kwa sababu ya miamba iliyozuia mto pale mwanzoni mwake. Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo, akayapa maporomoko jina la Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja aliyewahi kuongoza Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme huko London. Lakini yafaa tuyatazame yale aliyoyaona zaidi kuliko jina alilolitoa. Aliona samaki wakirukaruka katika maji ya kasi, wavuvi wa Kisoga na Kiganda wamesimama juu ya miamba na ndoana zao, kivuko kikifanya kazi juu ya maporomoko, na ng'ombe wakishushwa ukingoni kunywa maji. Basi mto huo haukuwa pori lisilo na mwenyewe. Mvuvi alikuwa na mahali pake, mvushaji mahali pake, na mchungaji mahali pake.

Aidha, palikuwa na mahali pa kuheshimiwa. Kilomita chache chini ya hapo, maporomoko ya Bujagali yalihesabiwa na Wasoga kuwa makao ya mzimu wenye jina hilo. Husimuliwa kwamba aliyepagawa na mzimu huo aliweza kukaa juu ya nguo ya gome la mti na kuelea juu ya maji yale makali. Mwaka 1948 Wahindi nao waliitambua heshima ya mto huu, pale sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilipotiwa katika chanzo cha Naili.

Mtazamo wa serikali ya kikoloni ulikuwa mwingine. Mwaka 1907 Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, alipita Jinja, na katika kitabu alichokichapisha mwaka uliofuata aliyasifu maporomoko ya Ripon hasa kwa nguvu ambazo mitambo ingeweza kupata humo. Wazo hilo lilitimia baada ya miaka karibu hamsini. Bwawa la Owen, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Maporomoko ya Owen yakatoweka, na yale ya Ripon yakazama chini ya maji.

Hatuwezi kuibeza faida iliyopatikana. Umeme ule uliendesha kiwanda cha nguo cha Jinja, ukayeyusha shaba iliyoletwa kutoka Kilembe, ukaufanya mji huo kuwa kitovu cha viwanda vya Uganda. Ila ni vema tuone ni nani aliyeshirikishwa katika mashauri. Misri ilishauriwa, kwa sababu maisha yake yategemea Naili. Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba maji yaachiliwe kwa kadiri ya kina cha ziwa, kana kwamba miamba ya kale ingali pale. Kwa hiyo mkulima aliye maelfu ya kilomita kaskazini alilindwa kwa mkataba, na hilo lilikuwa jambo la haki. Mvuvi aliyesimama juu ya mwamba wa Ripon hakuwa na mkataba wowote.

Katika zama hizo starehe ya kando ya maji ilikuwa ya wachache, kwani katika miji mingi ya makoloni klabu za michezo ziligawanywa kwa rangi. Kumbukumbu mojawapo inayochekesha yatoka katika uwanja wa gofu wa Jinja: husimuliwa kwamba mpira ukitumbukia katika wayo wa kiboko, mchezaji aliruhusiwa kuutoa bila adhabu. Kiboko, basi, alipata kifungu chake katika kanuni za mchezo.

Sura mpya ilianza mwaka 1996, biashara ya kuwateremsha wageni mtoni kwa vyelezo vya mpira ilipoanzishwa. Maji ya Bujagali na ya chini yake yalipata sifa duniani kwa ukali wake na kwa wingi wake mwaka mzima. Wapiga makasia, wapishi, madereva na wenye nyumba za wageni wakapata riziki. Hata vijana wa hapo, kwa malipo ya watazamaji, walijitosa katika maporomoko wakiwa wamekumbatia dumu tupu la plastiki. Ukiona vyaelea, vimeundwa: nyuma ya kila chelezo palikuwa na watu wanaoujua mkondo, jiwe kwa jiwe. Nyuma ya kijana mwenye dumu hapakuwa na chochote ila ushujaa wake, wala hapakuwa na kanuni iliyomlinda.

Kisha bwawa la Bujagali, lenye nguvu ya megawati 250, likakamilika mwaka 2012, na maporomoko yale yakazama. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Uganda ilikuwa imekubaliana na Benki ya Dunia kwamba maporomoko ya Kalagala, yaliyo chini zaidi, yatengwe kwa hifadhi na utalii kuwa fidia ya Bujagali. Hapana shaka hii ilikuwa hatua kubwa: uzuri wa mto uliandikwa katika mkataba. Hata hivyo bwawa la Isimba, la megawati 183, lilipozinduliwa Machi 2019, maji yake yalifunika baadhi ya mikondo iliyopendwa na wapiga makasia. Kalagala na Itanda zikabaki.

Sheria nazo zipo. Katiba ya mwaka 1995 yasema kwamba serikali huishika mito na maziwa kwa amana ya wananchi wote. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zatenga ukanda wa mita 100 kando ya Naili na mita 200 kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda hata kufikia mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, kupita kilele cha mwaka 1964, majengo mengi ya starehe yaliyosogezwa ukingoni yaliingiliwa na maji. Ziwa lilidai ukanda ule ambao kanuni ziliudai miaka ishirini kabla.

Ugumu mwingine ni wa utawala. Mto huu ni mpaka: ukingo wa mashariki ni wa Jinja, katika Busoga, ule wa magharibi ni wa Njeru, katika Buganda. Mgeni atakaye kuona chanzo cha Naili hulipa kiingilio upande mmoja, hali mnara wa Speke uko upande wa pili. Maji ni yale yale, na ajali haichagui ukingo.

Kwa maoni yetu, historia hii yatudai mambo matatu. Kwanza, wanaostarehe, wanaovua na wanaoabudu mtoni wahesabiwe kabla mchoro wa bwawa haujatiwa sahihi, si baada yake. Pili, ukanda wa ukingo uwe njia ya wote, ili mtoto wa Jinja asiye na kiingilio naye aone mto wa mji wake. Tatu, usalama usiwe wa wageni tu. Kijana mwenye dumu alistahili jaketi la kuelea sawasawa na mtalii.

Mwalimu anayefundisha habari za Naili leo hulazimika kusema: palikuwa na Ripon, palikuwa na Owen, palikuwa na Bujagali. Kalagala na Itanda zingali katika wakati uliopo. Ni juu ya wenye mto, wa kingo zote mbili, kuamua watoto watakaokuja watazisoma kwa wakati gani.