Kauri na Uso wa Kaiser

Kiswahili kina neno moja, kauri, kwa vitu viwili: kombe la baharini linalookotwa maji yakitoka, na chombo cheupe cha mezani kinacholia ting ukikigonga kwa ukucha. Wazungu nao walifanya vivyo hivyo. Porcellana ya Waitalia ilikuwa jina la kombe hilo kabla ya kuwa jina la chombo. Basi tarehe hii na ianzie ufukweni.

Miaka ya 1840 meli za Hertz wa Hamburg, na punde baadaye za O'Swald, zilikuja Unguja kununua kauri, zikazipeleka Afrika Magharibi zilikokuwa fedha. Mjerumani alituletea magunia ya kujazwa makombe kabla hajatuletea bendera. Dar es Salaam haikuwapo bado. Palikuwa na Mzizima ya wavuvi, hadi Sultani Majid alipoanza kujenga mji wake miaka ya 1860.

Kauri ya pili, ile ya kung'aa, ilikwishafika zamani. Nguzo za makaburi ya karne ya 18 ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, zilipachikwa sahani na mabakuli ya China. Leo utakayoyaona zaidi ni mashimo. Vyombo vingi vimeng'olewa. Sahani za namna hiyo zilikuja na maua na rangi zake. Marehemu alipambiwa kaburi kwa chombo cha ng'ambo bila kulazimika kumtazama mwenye ng'ambo hiyo.

Uso ulikuja baadaye. Berlin kilikuwapo kiwanda cha kifalme cha kauri, KPM, kilichonunuliwa na mfalme wa Prussia mwaka 1763. Alama yake ni fimbo ya enzi ya rangi ya buluu. Kaiser Wilhelm II alitunuku watu vyombo vya maua vya kiwanda hicho, virefu, vimenakshiwa dhahabu, na picha yake mwenyewe tumboni. Hizo zilikuwa zawadi za wakubwa kwa wakubwa. Huku kwetu Kaiser alijulikana kwa rupia ya fedha, iliyotolewa tangu 1890, amevaa kofia ya chuma yenye tai utosini. Sura ile ile ya kuwekwa sebuleni ikafungwa kwenye pindo la kanga, ikanunua chumvi.

Hata hivyo alijengewa kitu kikubwa kuliko chombo chochote cha maua: jumba la kumwadhimisha, mwaka 1914, pale pale Dar es Salaam lilipo leo soko kuu. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma Februari, na maonyesho makubwa yalipangwa kufanyika mjini mwezi Agosti. Agosti ikaja na vita. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, uwanja ule ukawa kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps. Waswahili wakaitafuna Carrier Corps, ikatoka Kariakoo. Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na kuhara zaidi kuliko risasi, na wengi hawana kaburi linalojulikana, seuze la kupachikwa sahani. Jina la mahali wakalichukua wao, si Kaiser. Mwaka 1923 jumba likawa soko.

Waingereza nao walileta mfalme wao, ila kwa mafungu. Shilingi ilikuwa na kichwa cha George V. Senti kumi, senti tano na senti moja zilitobolewa katikati, uso ukakosa pa kukaa. Likabaki taji juu ya tundu na Kilatini kikizunguka. Muuza mchicha aliyeshinda akihesabu senti aliweza kufunga biashara jioni bila kukutana na mfalme. Sidhani kama alimkosa.

Jumba la Kijerumani lilibomolewa, likaja soko lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye paa kama miavuli ya zege, likafunguliwa Desemba 1975.

Siku hizi, ukiuliza mjini kauri yenye picha ya mtu, utaelekezwa kwa vijana wenye kompyuta na mashine ya joto. Unawapa picha kwenye simu, ya bibi harusi au ya mtoto aliyehitimu chekechea. Wanaibana kwenye kikombe cheupe, wanakuambia usubiri kipoe. Kikombe chenyewe kimetoka China.