Mdunguaji Kutoka Ng'ambo

Same ni mji uliokaa njiani. Reli iliyoanzia Tanga enzi za Wajerumani ilipita hapa chini ya milima ya Upare ikielekea Moshi, na ilifika huko kabla Vita Kuu ya Kwanza haijaanza. Leo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha, na kuendelea kupitia Namanga hadi Nairobi, inakatiza hapo hapo. Mpare aliyetaka kwenda kuuza nguvu zake kwenye mashamba ya katani ya Tanga aliteremka kutoka Suji, Vudee au Chome hadi tambarare hii, akapanda gari moshi. Kijana anayekwenda kusoma mbali anateremka njia ileile.

Muda mrefu kabla ya reli, kilichotoka kwenye milima hii kwenda kwa watu wengine kilikuwa chuma. Huko Ugweno, upande wa kaskazini ambao sasa uko wilaya ya Mwanga, watu wa ukoo wa Washana walikuwa mafundi wa kuyeyusha na kufua. Wachagga walikuwa na ndizi, na wafuaji wao hodari wa mikuki, lakini chuma chenyewe walikifuata Upare. Simulizi za Ugweno zinasema kwamba Washana ndio waliotawala zamani, hadi ukoo wa Wasuya ulipowapindua. Utawala ulikwenda, ila kazi ya kufua ilibaki mikononi mwao, kwa sababu aliyepindua hakuwa na ujuzi huo. Napenda kuikumbuka habari hii kila ninaposikia klabu fulani imemsajili mchezaji kutoka ng'ambo. Ujuzi adimu unamfuata mwenye nao, na anayeuhitaji hana budi kwenda kumtafuta huyo mwenyewe.

Katika mpira wa kikapu wa leo, ujuzi adimu ni kudungua, yaani kufunga kutoka mbali, na aliye adimu zaidi ni mchezaji wa mbele, fowadi, mwenye urefu wa kutosha kugombea mpira chini ya kikapu, na ambaye pia anaweza kusimama mbali na kufunga. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. James Naismith alipoubuni mchezo huu huko Springfield, Marekani, mnamo Desemba 1891, alikuwa anatafuta kitu cha kuwashughulisha wanafunzi ndani ya ukumbi wakati wa baridi. Alitundika vikapu vya matunda kwenye ukingo wa roshani, na urefu ule wa futi 10, yaani mita 3.05, haujabadilika hadi leo. Chama cha YMCA, wamisionari, wanajeshi na walimu wakausambaza duniani. Misri ilicheza kwenye Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, mwaka ambao mchezo huu uliingia rasmi kwenye mashindano hayo. Mashindano ya kwanza ya mataifa ya Afrika yalifanyika Cairo mwaka 1962.

Kwa miongo mingi kikapu kilikuwa kikapu tu, pointi 2, uwe umefungia mlangoni au kutoka nusu ya uwanja. Kwa hiyo kila kocha mwenye akili timamu alitafuta mtu mrefu kuliko wote na kumweka karibu na goli. Ligi ya NBA ya Marekani ilichora mstari wa pointi 3 katika msimu wa 1979/80. Shirikisho la dunia, FIBA, lilifuata mwaka 1984 kwa kuuweka mstari huo mita 6.25 kutoka kwenye kikapu, kisha mwaka 2010 likausogeza hadi mita 6.75. Hesabu yake ni nyepesi. Anayefunga mara 4 katika mitupo 10 ya mbali ana pointi 12. Anayefunga mara 5 katika 10 ya karibu ana pointi 10. Ajabu ni kwamba ilichukua zaidi ya miaka 30 kwa makocha kuifuata hesabu hiyo mpaka mwisho wake.

Mtanzania mmoja alisimama katikati kabisa ya mabadiliko hayo. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani wameshaucheza kwa miaka kumi. Alikuwa katika shule ya Makongo, akapitia Laiser Hill Academy huko Ongata Rongai, Kenya, kisha akavuka bahari hadi shule moja ya Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Kwa urefu wake wa mita 2.21, mpinzani aliyeingia na mpira chini ya kikapu alikuwa anaukabidhi mkononi mwake. Alitajwa mlinzi bora wa vyuo vyote vya Marekani mwaka 2008 na tena mwaka 2009. Tarehe 25 Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili katika orodha nzima ya wachezaji wapya waliochaguliwa na timu za NBA mwaka huo, nyuma ya Blake Griffin. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika NBA kabla yake.

Itazame tena orodha ya siku ile. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba, aliyechukuliwa na Golden State, alikuwa kijana mwembamba aitwaye Stephen Curry, ambaye timu kadhaa zilimwona mdogo mno wa mwili. Katika msimu wa 2015/16 Curry alifunga mitupo 402 ya pointi 3, idadi ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameikaribia kabla yake. Walinzi wakalazimika kutoka nje kumfuata yeye na wengine kama yeye, na yule mrefu aliyezoea kulinda mlango akajikuta analinda nyumba isiyopitiwa na mtu. Thabeet alicheza Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City hadi mwaka 2014, na baadaye akacheza Japani na Taiwan. Nyumbani tulizoea kusema alishindwa. Nadhani hatukumtendea haki. Alichelewa kuanza, na mchezo wenyewe ulibadilika miguuni mwake akiwa bado anaujifunza. Mtu aliyetoka kwenye nchi yenye viwanja vichache vya kikapu hadi nafasi ya pili ya orodha ile, ndani ya miaka saba hivi, alifanya jambo ambalo hakuna Mtanzania mwingine aliyekuwa amelifanya.

Mdunguaji wetu alitoka kwa jirani. Tylor Okari Ongwae ni Mkenya, fowadi, aliyepitia vyuo vya Marekani hadi Louisiana-Monroe, kisha akaingia kwenye maisha ya mchezaji wa kulipwa wa Ulaya, yale ambayo hayaonyeshwi kwenye televisheni zetu. Mwanzoni mwa mwaka 2021 alikuwa Aarhus, mji wa pili kwa ukubwa nchini Denmark, akiichezea klabu ya Bakken Bears. Kwa watu wa Aarhus yeye ndiye alikuwa mchezaji kutoka ng'ambo.

Mwezi Februari mwaka huo alirudi kuvaa jezi ya Morans, timu ya taifa ya Kenya, huko Yaoundé, Cameroon, katika mechi za kufuzu AfroBasket. Kocha alikuwa mwanamke kutoka Australia, Liz Mills. Siku ya tarehe 20 walikutana na Angola, na hapo msomaji asiyefuatilia kikapu anahitaji kuelezwa Angola ni nani: mabingwa wa Afrika mara 11 kati ya mwaka 1989 na 2013, ikiwemo mwaka 1993 waliponyanyua kombe Nairobi kwenyewe, Kenya wakiwa wenyeji na kushika nafasi ya nne. Tangu mwaka huo Kenya haikuwa imeonekana tena kwenye fainali hizo. Sekunde za mwisho zilipofika, Kenya ilikuwa nyuma. Mpira ukaenda kwa Ongwae, akaruka akiwa na mlinzi usoni, akaachia. Ulipoingia, muda ulikuwa umekwisha. Kenya 74, Angola 73. Miaka 28 ya kukaa nje ikaisha kwa mtupo mmoja, na Agosti Morans wakaenda Kigali, ambako Liz Mills akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume kwenye AfroBasket.

Mtupo ule haukuwa bahati. Mdunguaji anatengenezwa kwa kurudia kitendo kimoja mamia ya mara kwa siku: magoti yanakunjwa, kiwiko kinaingia chini ya mpira, kidole cha shahada na cha kati vinakuwa vya mwisho kuuachia, kiganja kinabaki kimeinama mbele kama kinachungulia kwenye kikapu. Mwili unajifunza umbali. Ndiyo sababu mtu anayefundishwa kwenye ringi iliyopinda, au iliyofungwa chini ya kimo chake, anajifunza umbali wa uongo, na kuuondoa baadaye ni kazi kubwa kuliko kuanza upya.

Na klabu ya ng'ambo inapomtaka mtu kama huyo, kinachofuata ni karatasi. Wakala anatuma video na takwimu. Klabu inatazama nafasi zake za wageni, kwa kuwa ligi nyingi zina ukomo. Mchezaji anapimwa afya, anaomba viza na kibali cha kazi, anasaini mkataba ambao mara nyingi ni wa msimu mmoja tu. Kisha kuna barua ambayo mashabiki hawaijui kabisa: shirikisho la nchi anakotoka lazima limwandikie ruhusa ya kuhama, na bila barua hiyo FIBA haimruhusu kukanyaga uwanja. Shirikisho lenye ofisi inayojibu barua kwa wakati linaweza kumwokoa mchezaji, na lile lisilojibu linaweza kumkosesha msimu mzima. Viongozi wa michezo wanapoomba kura wangeulizwa hilo kwanza.

Siku hizi njia hiyo inapitika pande zote mbili. Mei 2021, Kigali, ilianza Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, kwa timu 12. Kanuni zake ziliiruhusu kila timu kuwa na wageni wanne, na wasiozidi wawili wa kutoka nje ya Afrika. Patriots ya Rwanda walimsajili Mmarekani ambaye dunia ilimjua kwa jambo jingine kabisa, mwanamuziki J. Cole, aliyecheza mechi 3 kisha akarudi kwao. Gumzo lilikuwa kubwa, lakini jambo la maana zaidi lilikuwa lile sharti lenyewe: nafasi zilizobaki ni za wazawa. Klabu ya Afrika Mashariki inayotaka kufika huko haiwezi kununua timu nzima. Lazima iwe na vijana wake, na vijana hao watoke kwenye shule fulani yenye uwanja.

Hapo ndipo fikra zangu zinaporudi Upare. Shule hazikukosekana kule. Waadventista walifika milimani mwaka 1903, Walutheri nao wakawa na misheni zao, na kupenda shule kukawa sehemu ya sifa za Wapare. Kinachokosekana milimani ni ardhi iliyolala. Kila kipande tambarare kina nyumba, mgomba au kaburi la mzee, na uwanja wa mpira wa miguu wa kawaida unataka mita 105 kwa 68. Kwa nini basi tumeng'ang'ania kila shule ya milimani iwe na uwanja wa soka, mpira ukiponyoka unafuatwa hadi kijiji cha chini?

Uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Chukua mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 5, ambao kwa Upare ni wa upole. Ukitaka kuulaza kwa kuchimba nusu ya juu na kujaza udongo ule ule nusu ya chini, uwanja wa soka unakudai ukate ukingo wa juu kwa kina cha mita 6.8 na kuhamisha zaidi ya mita za ujazo 12,000 za udongo. Uwanja wa kikapu unakata ukingo wa mita 1.5 tu na kuhamisha mita za ujazo 158 hivi, na hata ukiongeza mita 2 za usalama kila upande, bado unabaki chini ya 300. Kazi ya kwanza inataka tingatinga, na ipo milima ambayo tingatinga haipandi. Ya pili ni ya majembe, sururu na machepe, kazi ambayo kijiji kinaimaliza kwa msaragambo, yaani nguvu za pamoja, kama kinavyochimba barabara na kusafisha ndiva.

Na ndiva ndizo zinazonipa matumaini zaidi. Watu wa milima hii wamekuwa wakikinga maji usiku kwenye mabwawa hayo na kuyafungulia mashambani mchana kwa mifereji inayofuata mkunjo wa mlima, tangu zamani za mababu. Adui wa uwanja uliochongwa kwenye mteremko ni maji ya masika na ya vuli yanayoshuka kutoka juu, yakaingia chini ya sakafu na kuipasua. Dawa yake ni mfereji upande wa juu, wenye mteremko sahihi, unaoyapokea maji na kuyazungusha pembeni kabla hayajafika. Fundi wa mjini atakuja na kipimo chake kuutafuta mteremko huo. Mzee wa ndiva anaujua tayari. Saruji, ringi mbili na chuma cha kuzishikilia vitanunuliwa Same mjini, na chini ya kila ringi mwalimu wa michezo apime mita 3.05 kamili kwa futikamba, asikubali pungufu.