Kujikwaa Ulimi: Midahalo Miwili ya William F. Buckley

Wahenga walinena: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. William F. Buckley, mlumbi wa wahafidhina wa Marekani na mwasisi wa jarida la National Review, aliionja kweli ya msemo huo mbele ya kamera za televisheni.

Tarehe 18 Februari 1965 alialikwa na chama cha midahalo cha Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kupambana na James Baldwin, mwandishi mzaliwa wa Harlem. Hoja ilidai kwamba ndoto ya Marekani imejengwa kwa hasara ya mtu mweusi. Baldwin hakutukana wala hakufoka. Alitumia nafsi ya kwanza, kana kwamba ni yeye mwenyewe aliyechuma pamba na kujenga reli chini ya mjeledi, bila ya ujira. Alipokaa kitako, ukumbi mzima ulisimama kumshangilia. Buckley naye alijibu kwa ufasaha wake wote, ila ufasaha haukumfaa kitu. Kura zilipohesabiwa, Baldwin alipata 544, mwenzake 164. Buckley alishindwa, lakini heshima yake ilibaki.

Miaka mitatu baadaye, kituo cha ABC, kilichokuwa nyuma ya washindani wake wawili kwa watazamaji, kilimkutanisha Buckley na mwandishi Gore Vidal katika midahalo kumi wakati wa mikutano mikuu ya vyama vya Republican na Democratic. Wawili hao walichukiana tangu hapo. Usiku wa tarehe 28 Agosti 1968, huku polisi wa Chicago wakiwapiga waandamanaji mitaani, Vidal alimfananisha mwenzake na Manazi. Buckley akapandwa na hamaki. Akamtusi Vidal kwa maumbile ya mapenzi yake na kutishia kumpiga ngumi ya uso. Mamilioni walisikia.

Mwaka 1969 Buckley aliandika makala ndefu katika jarida la Esquire, akaimalizia kwa kumwomba radhi Vidal. Vidal akajibu kwa makala kali zaidi, na ugomvi ukahamia mahakamani hadi mwaka 1972. Buckley alifariki mwaka 2008, Vidal mwaka 2012. Midahalo kumi ilijaa hoja kuhusu vita vya Vietnam, umasikini na haki za raia. Kinachokumbukwa na wengi ni dakika chache za matusi.

Washairi wa mwambao nao hawakuwa malaika. Muyaka bin Haji hakuwaonea haya mahasimu wa Mombasa yake. Lakini mwenye kujibu shairi hulazimika kwanza kulisikiliza la mwenziwe, alipime, kisha aitie ghadhabu yake katika vina na mizani. Na hamaki ikipita njia hiyo hutoka imekwisha kupoa kidogo. Cambridge palikuwa na zamu ya kusema na zamu ya kusikiliza. Chicago, wawili hao walisemeshana kwa pamoja, na aliyewekwa kuwaamua hakuweza kuwanyamazisha.