Nani anaweza kukabidhiwa mtoto asiye na wazazi? Jinsi walezi wanavyochunguzwa Rumonge na mwambao wa Tanganyika

Makala haya ni kwa wakimbizi kutoka Kongo, kwa Warundi waliorudi kutoka Tanzania, na kwa wenyeji wa Rumonge, Magara, Minago na Nyanza-Lac. Yanamhusu yeyote aliyempokea mtoto asiye na wazazi, anayetaka kumpokea, au aliyeombwa kumtoa mtoto kwa mtu mwingine.

Kwa ufupi

- Mtoto aliyefika peke yake si lazima awe yatima. Kwanza ndugu zake watafutwe.
- Anayetaka kumlea mtoto ni lazima achunguzwe, hata kama ni mtu mwema na anajulikana.
- Umaskini peke yake haukuzuii kulea. Kukimbia bila karatasi pia hakukuzuii.
- Kuasili mtoto moja kwa moja huamuliwa na mahakama, si kwa barua ya makubaliano.
- Usilipe na usilipwe pesa kwa ajili ya mtoto.

Kwa nini jambo hili ni zito hapa kwetu

Vita vinapozuka upande wa Fizi au Uvira, watu huvuka ziwa kwa mitumbwi na boti za uvuvi. Januari 2018 maelfu ya watu kutoka Fizi walifika Rumonge na Nyanza-Lac katika siku chache tu. Katika safari kama hiyo mzazi humsukumia jirani mtoto wake kwa sababu chombo kimejaa, akitumaini kufuata na chombo kingine. Wengine hupotezana gizani. Mtoto anashuka Rumonge, mama yake anashuka Kigoma, na baba amebaki Baraka.

Mtoto huyo anaitwa mtoto aliyetenganishwa na wazazi. Ukimwita yatima siku ya kwanza, unaweza kumfungia njia ya kurudi kwao.

Tatizo la pili ni muda. Kambi za wakimbizi haziko ziwani. Musasa iko Ngozi, Kinama iko Muyinga, Bwagiriza iko Ruyigi na Kavumu iko Cankuzo. Wanaofika mwambaoni hupita kituo cha muda, kisha hupandishwa gari kwenda bara. Mtoto ambaye hajaandikishwa kabla ya gari kuondoka, au aliyebaki nyumbani kwa mtu bila ofisi yoyote kujua, ni vigumu sana kumpata tena.

Aina za malezi, msizichanganye

*Malezi ya jamaa.* Mtoto anakaa kwa shangazi, mjomba, bibi au kaka mkubwa. Hili ndilo linaloangaliwa kwanza. Hata hivyo, jamaa naye anaulizwa maswali, kwa sababu si kila anayesema "mimi ni mjomba" ni mjomba.

*Familia ya kupokea.* Watu wasio ndugu wanamlea mtoto kwa muda, wazazi wakitafutwa. Mtoto anabaki na jina lake na ukoo wake.

*Kafala.* Waislamu wengi wa Rumonge wanaifahamu: unamlea mtoto, unamlisha na kumsomesha, lakini hubadilishi nasaba yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 20, unaitaja kafala kwa jina kuwa mojawapo ya njia za kumlea mtoto asiye na familia.

*Kuasili.* Mtoto anakuwa mwana wako mbele ya sheria. Nchini Burundi jambo hili linaongozwa na sheria ya tarehe 30 Aprili 1999, na uamuzi ni wa mahakama. Sheria hiyo ina masharti yake kuhusu umri na ndoa ya anayeomba. Uliza ofisi ya ustawi wa familia, CDFC, ikueleze masharti hayo kabla hujaanza.

Kwa nini mtu mwema naye achunguzwe?

Kwa sababu mtu mbaya naye hujionyesha mwema. Oktoba 2007, kundi la Wafaransa liitwalo L'Arche de Zoé lilikamatwa Abéché, mashariki mwa Chad, likiwa tayari kuwapandisha ndege watoto 103. Lilisema ni yatima wa vita vya Darfur. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba wengi wao walikuwa watoto wa Chad, na wengi walikuwa na wazazi au ndugu wa karibu wanaowalea. Wazazi walikuwa wameambiwa kwamba watoto wanapelekwa shule.

Jirani zetu wa Kongo nao wameliona. Septemba 2013 serikali ya Kinshasa ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni, kukiwa na wasiwasi kuhusu karatasi za uongo na hali ya watoto walikopelekwa. Familia nyingi zilizokuwa zimekwisha kupata hukumu ya mahakama zilisubiri kwa miaka.

Uchunguzi unamlinda pia mlezi. Mama mwenye jina lake kwenye faili, aliyetembelewa na kukubaliwa, hawezi kuambiwa kesho kwamba aliiba mtoto.

Mambo yanayoangaliwa

Kazi hii hufanywa na wahudumu wa ulinzi wa watoto. Kwa wakimbizi, UNHCR na mashirika yanayofanya nayo kazi hushirikiana na ofisi ya serikali ya wakimbizi, ONPRA. Kwa wenyeji na waliorudi, mlango wa kuanzia ni CDFC au kamati ya ulinzi wa mtoto ya kilima chako. Jiandae kwa mambo haya:

1. Utambulisho. Karangamuntu kwa Mrundi, cheti cha mkimbizi au karatasi ya kuandikishwa kwa mkimbizi. Watu wote wa nyumba yako wataandikwa.
2. Kutembelewa nyumbani. Mhudumu ataangalia mtoto atalala wapi na nani, maji yanachotwa wapi, na nani anabaki na watoto wewe ukiwa sokoni au ziwani usiku.
3. Majirani. Nyumba kumi, mkuu wa kilima, mwalimu, imamu au mchungaji wataulizwa. Kila mmoja huulizwa peke yake ili aseme bila woga.
4. Rekodi ya jinai. Inaangaliwa kama umewahi kuhukumiwa kwa ukatili, ubakaji au kuuza watu. Katika kuasili, hati hii huletwa rasmi. Wengi hapa huiita kwa Kifaransa, casier judiciaire.
5. Afya. Lengo ni kujua kama utaweza kumlea mtoto hadi akue, na kama nyumbani kuna ugonjwa unaohitaji msaada.
6. Riziki. Hutakiwi kuwa tajiri. Unatakiwa kueleza unakula nini, unapata wapi, na mtoto atasoma wapi.
7. Sababu yako. Kwa nini unamtaka mtoto? Kwa nini huyu na si mwingine? Jibu kwa ukweli.
8. Mtoto mwenyewe. Anaulizwa faraghani, kwa lugha yake, kulingana na umri wake. Akikataa, sauti yake ina uzito.

Watoto wako wa kuzaa nao wataulizwa. Nyumba ambayo mume anataka na mke hataki haijawa tayari.

Nilikimbia bila karatasi. Nifanye nini?

Usinunue karatasi ya uongo. Ikigunduliwa, hautaaminiwa tena hata kwa yale ya kweli.

Wahudumu wanajua kwamba mtu aliyevuka ziwa usiku hawezi kurudi Fizi kuomba hati ya polisi. Badala yake wanatafuta watu waliokufahamu kule: jirani wa Mboko, mvuvi mwenzako wa Kazimia, kiongozi wa kanisa au msikiti wa Baraka. Wanalinganisha maneno yao na yale uliyoyasema ulipoandikishwa. Kwa hiyo taja watu kadhaa, wasiwe wa ukoo wako tu, na useme mahali wanapokaa sasa.

Mambo yasiyokuzuia, na yanayokuzuia

Umaskini haukuzuii. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema pia kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Mama maskini anayetaka mtoto wake asaidiwe kumlea, asishawishiwe kumtoa.

Kuwa mkimbizi nako hakukuzuii. Mara nyingi ni faida, kwa kuwa sheria za kimataifa zinataka mtoto aendelee, inapowezekana, na lugha, dini na mila alizokulia. Mtoto wa Kibembe akilelewa na familia inayosema Kibembe, hatapoteza maneno ambayo mama yake atamsalimia nayo wakionana.

Haya ndiyo yanayokuzuia:

- Kuwahi kumdhuru mtoto au kumpiga mtu vibaya nyumbani.
- Kumtaka mtoto kwa kazi: kubeba dagaa, kuanika samaki, kulea watoto wengine, kuuza barabarani.
- Kumtaka msichana ili aolewe na mtu wa nyumbani.
- Kuchagua mmoja kati ya ndugu waliofika pamoja na kuwaacha wengine. Ndugu hawatenganishwi bila sababu nzito inayowafaa wao wenyewe.
- Kukataa kutembelewa.

Baada ya kukabidhiwa mtoto

Uchunguzi hauishi siku hiyo. Mhudumu atarudi, mara nyingine bila taarifa. Atataka kuongea na mtoto peke yake. Hilo si dharau kwako. Mtoto anayeteswa hawezi kusema mbele ya anayemtesa.

Ukihama, hata kama ni kutoka Rumonge mjini kwenda Minago, toa taarifa. Ukihamishiwa kambini, hakikisha jina la mtoto liko kwenye faili moja na lako kabla ya kupanda gari. Jina likiachwa nyuma, chakula cha mtoto na barua za ndugu zake navyo vitabaki nyuma.

Tunza kila kitu alichokuja nacho: nguo, kitenge alichofungwa, jina la utani, wimbo anaouimba, jina la boti. Andika maneno yake. Kwa mtoto mdogo, hivyo ndivyo vitambulisho vyake.

Ndugu wanatafutwaje?

Msalaba Mwekundu wa Burundi na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu husaidia kuwatafuta ndugu waliopotezana na kuwapelekea ujumbe. Ndugu anapopatikana, naye anathibitishwa. Anaulizwa mambo ambayo mtu wa familia pekee ndiye anayeyajua, na mtoto anaulizwa upande wake.

Miongozo ya UNHCR ya mwaka 1994 inasema mtoto mkimbizi aliye peke yake asiasiliwe kama bado kuna tumaini la kumpata mzazi, kama mtoto au mzazi hataki, au kabla ya muda wa kutosha wa kutafuta kupita. Kwa kawaida muda huo ni angalau miaka miwili. Miaka hiyo si ya kukaa bure. Mtoto anaendelea kulelewa nyumbani, anasoma, huku majina yakipelekwa Kongo na Tanzania.

Mtu wa nje ya nchi akimtaka mtoto

Burundi ilijiunga mwaka 1998 na Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, nao ukaanza kutumika hapa mwaka 1999. Kwa mkataba huo:

- Nchi ya anayeomba ndiyo inayomchunguza kwanza na kuandika ripoti: yeye ni nani, historia yake, afya ya familia, mazingira anamoishi, na kwa nini anataka mtoto.
- Burundi inahakikisha kwamba mtoto anaweza kweli kuasiliwa, na kwamba familia ya hapa nchini imetafutwa kwanza.
- Ridhaa ya mzazi haipatikani kwa malipo. Mama hawezi kuombwa ridhaa kabla hajajifungua.
- Anayeomba hakutani na wazazi wa mtoto wala mlezi wake kabla ya hatua hizo kukamilika, isipokuwa wakiwa ndugu au ofisi husika ikiruhusu.

Kwa hiyo mgeni anayekuja ufukweni, anayepiga picha watoto na kuahidi kuwapeleka Ulaya, ameruka hatua zote hizo.

Ishara za hatari

Toa taarifa kwa polisi, kwa CDFC au kwa mhudumu wa UNHCR ukisikia haya:

- "Weka kidole hapa, utasomewa baadaye."
- "Atakwenda kusoma tu, atarudi likizo," bila jina la shule wala anwani.
- "Sema ni yatima, ndipo atasaidiwa."
- Mtu anatoa pesa, simu au mashua kwa ajili ya mtoto.
- Mtu anaomba pesa ili akuweke kwenye orodha ya walezi. Huduma za UNHCR na washirika wake hazilipiwi.

Tayari ninaye mtoto na sikuandikisha. Nitakamatwa?

Watu wengi mwambaoni walimpokea mtoto kwa huruma usiku ule, wakampa uji na mkeka, na hawakujua pa kwenda. Kumwokoa mtoto si kosa. Kumficha ndiko kunakoleta mashaka. Nenda kaandikishe sasa, ukiongozana na nyumba kumi au jirani aliyeshuhudia siku mtoto alipofika. Kama nyumba yako inafaa, kwa kawaida wahudumu hupendelea mtoto abaki pale alipozoea.

Mzazi wake akipatikana, utaumia. Mhudumu azungumze nawe pia, si na mtoto tu. Na mtoto akirudi kwao akiwa mzima, anajua lugha yake na jina la baba yake, kazi uliyopewa umeifanya.