Kusimama kwa moyo

Kusimama kwa moyo ni dharura ambapo moyo huacha ghafla kusukuma damu. Mgonjwa huanguka, hupoteza fahamu na hapumui kama kawaida. Pengine hukoroma au hutweta kwa muda mfupi. Hali hii ni tofauti na mshtuko wa moyo, ambapo mshipa unaolisha msuli wa moyo huziba huku moyo ukiendelea kupiga, ingawa mshtuko huo unaweza kuusimamisha.

Visababishi. Kwa watu wazima, chanzo kikubwa ni maradhi ya mishipa ya moyo, ambayo huvuruga umeme wa moyo hadi ukatetemeka bila kusukuma damu. Katika fukwe kama za Diani, katika kaunti ya Kwale nchini Kenya, kuzama baharini ni chanzo kingine: mwili hukosa oksijeni kwanza, kisha moyo husimama.

Huduma ya kwanza. Ubongo huanza kudhurika baada ya dakika chache. Piga 999 au 112, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo kwa mtu mzima. Aliyezama apewe pia pumzi za mdomo. Mashine ya kushtua moyo itumike mara ipatikanapo.

Kwale. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Kwa kuwa hospitali inaweza kuwa mbali, aliye karibu na mgonjwa ndiye tabibu wake wa kwanza.