Kamsa si Tahadhari

Usiku mmoja mtaani kwetu Noonkopir, Kitengela, mwanamke alipiga nduru. Ilikuwa moja tu, fupi, lakini kabla sijapata viatu nilisikia mageti ya chuma yakifunguka moja baada ya jingine, mbwa wakibweka, na mlinzi wa ploti ya pili akipuliza filimbi. Watu walikimbilia kule sauti ilikotoka. Mpira wa mtungi wa gesi ulikuwa umeshika moto, na majirani wakauzima kwa mchanga na blanketi lililoloweshwa maji. Tulipokuwa tukirudi vitandani, gari moja lililoegeshwa kando ya barabara likaanza kulia alamu. Lililia mpaka likanyamaza lenyewe. Hakuna geti lililofunguka.

Mwingereza angetumia neno lilelile kwa sauti zote mbili: "alarm". Mimi natafsiri kwa ajili ya mkate wangu, na tangu usiku ule neno hilo limekataa kukaa kimya kichwani mwangu. Nduru ya yule mama na kelele za lile gari si kitu kimoja. Moja iliwaamuru watu, nyingine iliwapita tu masikioni.

Neno lenyewe lina historia inayofaa kusikilizwa. Lilizaliwa Italia, katika miji iliyozungukwa na kuta, na mwanzoni halikuwa nomino. Lilikuwa ukelele: "all'arme!", yaani shikeni silaha! Mlinzi akishamwona adui hupaza sauti hiyo, na kila mwanamume huacha alichokuwa akifanya akashika mkuki au upinde. Wafaransa wakalichukua, Waingereza wakalipokea kwao, na polepole ukelele ukageuka jina la hofu yenyewe, kisha la kengele, kisha la saa ya kumwamsha mtu asichelewe kazini. Ndugu yake ni "alert", naye ametoka huko huko. Huyu ni "all'erta". "Erta" ni mwinuko mkali, mahali pa juu. Aliyeambiwa hivyo alitakiwa apande juu na kuchungulia upeo wa macho.

Tazama umbali ulio kati ya maneno hayo mawili. Katika "alert" mtu mmoja yuko juu anatazama, na mji mzima umelala. Katika "alarm" mji mzima uko mbioni. Anayetafsiri yote mawili kwa neno moja la Kiswahili amefuta umbali huo, na kwa bahati mbaya ndivyo tunavyofanya karibu kila siku. "Alert" ni tahadhari. "Alarm" ni tahadhari. "Warning" nayo ni tahadhari, au onyo kama mtangazaji amekumbuka.

Huku kwetu Kajiado jambo hili si la wana-lugha peke yao. Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa kwa kila moja ya kaunti 23 zenye ukame, na Kajiado ni mojawapo. Taarifa hiyo huiweka kaunti katika hatua moja kati ya tano, ambazo kwa Kiingereza huitwa "Normal", "Alert", "Alarm", "Emergency" na "Recovery". Hatua hizo hazitolewi hewani. Wanapima mvua, rangi ya mimea inayoonekana na setilaiti, umbali wa kwenda majini, maziwa yanayokamuliwa, bei ya mbuzi ikilinganishwa na bei ya mahindi, hadi mzingo wa mkono wa mtoto aliye chini ya miaka mitano. Katika hatua ya pili, mvua na malisho vimepungua kuliko kawaida, lakini ng'ombe bado wana nyama mgongoni na watoto wanakunywa maziwa. Katika hatua ya tatu, upungufu umeshaingia zizini: maziwa yamekauka, mnyama amekonda, bei sokoni inaporomoka. Ya nne ni pale njaa inapomfikia binadamu mwenyewe.

Kwa mfugaji, tofauti ya hatua ya pili na ya tatu ndiyo tofauti ya kuuza na kuzika. Anayeuza wanyama kumi katika hatua ya pili anawauza wakiwa wazima, na fedha hizo zitawanunulia nyasi wale waliobaki. Anayengoja ya tatu anauza ngozi na mifupa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo katika Pembe ya Afrika, na ng'ombe wa Kajiado walikufa kwa maelfu. Sisemi kwamba walikufa kwa sababu ya tafsiri mbaya. Waliuawa na ukame. Lakini hatua mbili zilizotenganishwa kwa vipimo vya setilaiti na mizani zikifika kwenye redio kwa jina moja, kazi yote ile imepotea katika hatua ya mwisho ya safari yake, kati ya mdomo wa mtangazaji na sikio la mfugaji.

Tuyapime basi maneno yetu, maana hatuna uhaba wa maneno.

Onyo ni la Kibantu halisi, na ndani yake kuna jicho. Kutoka kwenye "pona" tumepata "ponya", kutoka "ogopa" tukapata "ogofya", kutoka "lewa" tukapata "levya". Ndivyo "ona" ilivyozaa "onya". Kuonya ni kumfanya mtu aone. Aliyeonywa ameonyeshwa kitu ambacho macho yake yalikuwa hayajakifikia. Onyo zuri kwa hiyo lina kitu ndani yake cha kutazama. Vibao vya "Mbwa Kali" vilivyojaa kwenye mageti ya Kitengela ni onyo kamili ingawa neno onyo halimo. Mwalimu wa sarufi atadai "mbwa mkali", na ana haki, lakini hakuna mgeni aliyewahi kushindwa kuelewa. Mbwa ametajwa, na ukali wake umetajwa. Linganisha na kibao kisemacho "Tahadhari" peke yake kando ya barabara: nitahadhari na nini, shimo au fisi?

Tahadhari imetoka Uarabuni kwa mzizi uleule uliotupa hadhari, na siri yake iko kwenye kitenzi tunachoipa. Tunasema "chukua tahadhari". Haipigwi, huchukuliwa. Ni mali ya msikiaji, ni kile anachokifanya baada ya kuonywa: kufunga dirisha, kuhamisha godoro, kupunguza mwendo. Ndiyo maana "serikali imetoa tahadhari" huniwasha masikioni. Serikali imetoa onyo. Tahadhari tutaichukua sisi wenyewe kama tumeelewa. Najua matumizi hayo yameshaota mizizi na sitayang'oa kwa makala moja. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imeyajengea ngazi nzima: rangi ya njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Angalizo ni neno zuri sana, nalipenda, kwa kuwa nalo lina jicho ndani yake. Wasiwasi wangu uko kwenye ngazi ya juu. Mahali penye hatari kubwa kuliko zote pamepewa neno lilelile la chini yake likiongezewa kivumishi, na kivumishi ndicho cha kwanza kupotea redio inapokoroma au jirani anapomsimulia jirani.

Sasa kamsa. Wakenya hulitumia neno hili kila siku. Mama akivamiwa hupiga kamsa, duka likivunjwa mwenye duka hupiga kamsa, na taarifa za habari husimulia kwamba majirani walifika baada ya kusikia kamsa. Pwani utasikia pia ukunga na mayowe, bara, nduru. Nduru ni sauti yenyewe, inayotoka kooni. Kamsa ni tendo: unaweza kuipiga kwa koo, kwa debe, kwa filimbi, siku hizi hata kwa ujumbe wa simu katika kundi la Nyumba Kumi. King'ora ni mtambo. Na alamu, tuliyoichukua kutoka kwa Waingereza, imechakaa mikononi mwetu. Ni ile ya simu saa kumi na moja alfajiri, unayoizima ukiwa bado umefumba macho.

Kinachoitenga kamsa na wenzake wote ni upande inaowapeleka watu. Ukisikia onyo, unasimama. Ukichukua tahadhari, unajikinga, pengine unakimbilia mbali. Ukisikia kamsa, unakimbilia kule inakotoka. Kamsa ina deni ndani yake: mimi napiga, nawe uje, kwa kuwa kesho utapiga wewe. Hiyo ndiyo "all'arme" ya wale Waitaliano bila kupungua hata kidogo. Mwili wa neno ni tofauti, amri ni ileile.

Kwa sababu ya nguvu hiyo, kamsa pia inatisha. Mnamo Agosti 2021, vijana wanne waliuawa na umati wa watu nje kidogo ya mji huu wa Kitengela, wakidhaniwa kuwa wezi wa mifugo. Hawakuwa wezi. Sijaweza kulisahau jambo hilo, na silitaji ili kupamba hoja. Wito unaowakusanya watu wakiwa tayari wameshika rungu unapaswa kupigwa na mtu mwenye hakika na anachokiona. Hapo ndipo naona kwamba neno hili lisitumiwe ovyo, na hapo hapo naona kwa nini linafaa kuwa istilahi: lina uzito ambao tahadhari imeupoteza.

Imeupoteza namna gani? Jibu nililipata kwa simba. Noonkopir iko jirani na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, ambayo upande wake wa kusini hauna ua, kwa hiyo wanyama hutoka kuja kwenye nyanda zetu. Simba wakitoka, huja zizini. Tarehe 20 Juni 2012, simba sita waliuawa Ilmasin, si mbali na hapa, baada ya kushambulia mifugo usiku. Wakati huo kijana mmoja wa Kimaasai wa upande huuhuu, Richard Turere, alikuwa ameshapata dawa. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja hivi, mwenye jukumu la kuwalinda ng'ombe wa baba yake. Kwanza alijaribu moto, kisha sanamu la mtu. Siku ya kwanza simba waliliona wakarudi. Siku ya pili waliona kwamba kitu kile hakisogei, wakaingia. Baadaye, akizunguka zizi na tochi, akagundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kile kidude kinachofanya taa ya pikipiki iwake na kuzima, na balbu za tochi zilizovunjika, akavifunga kuzunguka boma, vikamulika kwa zamu kana kwamba mtu anatembea humo usiku kucha. Mwaka 2013 alikisimulia kisa hicho Marekani jukwaani, na taa zake zikaenea katika maboma mengine.

Simba alihitaji siku moja tu kulizoea sanamu. Sisi tumeisikia tahadhari kwa kila mvua, kila ukungu, kila msongamano wa magari, kila sikukuu. Imesimama pale pale kama sanamu la Turere, haisogei, na hatari ya kweli inapokuja tunaipita. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyobomoa tuta kule Mai Mahiu yaliwaua watu zaidi ya arubaini wakiwa usingizini. Wiki nzima kabla ya hapo tahadhari ilikuwa kwenye kila kituo cha redio nchini. Neno lilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kugonga milango ya watu wale akiwaambia maji yanakuja, tokeni sasa.

Kwa hiyo napendekeza hivi kwa wanaotafsiri taarifa za ukame na mafuriko. "Alert" iwe chonjo. Tunasema kila siku "kaa chonjo", na aliyekaa chonjo ndiye yule wa kwenye mwinuko, yuko macho ingawa hajakimbia. Wapo watakaosema ni neno la vijiweni. Mbadala wao huwa ni hadhari, na hadhari ikisomwa redioni karibu na tahadhari nani atazitofautisha? "Warning" ibaki onyo, na onyo litaje kitu, mahali na saa. Tahadhari irudishwe kwa msikiaji, iwe lile analotakiwa kulifanya. Na "alarm" iwe kamsa. Hatua tano za ukame zitasomeka: kawaida, chonjo, kamsa, dharura, kuinuka.

Niliyajaribu maneno haya stendi ya Noonkopir, kwa mzee aliyekuwa akingoja gari la kumrudisha Ilbissil. Nilimwamkia, nikamweleza hatua zile moja moja, bila Kiingereza. Alinisikiliza hadi mwisho, fimbo ikiwa imelazwa mapajani.

"Hiyo chonjo," akaniuliza, "inakuja ng'ombe wakiwa bado na nguvu ya kutembea hadi sokoni?"

"Ndiyo, mzee. Bado wana nguvu."

"Na hiyo kamsa?"

"Wameanza kukonda. Bei imeanza kushuka."

Alikaa kimya kidogo, akatazama upande wa barabara ya Namanga. "Mwaka ule," akasema, "redio ilisema tahadhari, ikasema tena tahadhari. Nikangoja waseme kitu kingine."