Kirangozi, Leseni na Umri: Kanuni za Njia Kati ya Tura na Tabora

Barabara ya lami inayotoka Manyoni kwenda Tabora kupitia Itigi, Chaya na Nyahua hupita katika ukanda uleule uliokanyagwa na misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo na bandari jirani kuelekea Unyanyembe, yaani dola ya Wanyamwezi ambamo mji wa Tabora, uliowahi kuitwa Kaze, ulikua. Tura na Kigwa, vituo ambavyo wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walivipita kabla ya kuingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani, leo ni kata za jimbo la Igalula, wilayani Uyui. Historia ya usalama barabarani nchini Tanzania kwa kawaida huanzia kwenye gari, jambo linaloufanya ukanda huu uonekane kana kwamba haukuwa na sheria za njia kabla ya kuja kwa Wazungu, ilhali wapagazi wanaokadiriwa kufikia 100,000 kwa mwaka, mwishoni mwa karne hiyo, wasingeweza kupishana kwenye vijia vyembamba vya miombo pasipo kanuni zilizojulikana na wote.

Kanuni ya kwanza ilimhusu kirangozi, ambaye ni mpagazi mzoefu aliyeongoza msafara akiwa amevaa joho jekundu na kubeba mzigo mwepesi kuliko wenzake. Burton aliandika kwamba hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia, na kwamba aliyefanya hivyo alichomolewa mshale mmoja kutoka kwenye podo lake, ukawekwa kama ushahidi wa kumtambua mkosaji hadi mwisho wa mwendo wa siku, atakapotozwa faini. Njia ilipogawanyika, kirangozi aliziba njia isiyo sahihi kwa tawi au kwa mstari uliochorwa ardhini ili walioachwa nyuma wasipotee, na baragumu la pembe ya tandala liliwajulisha watu kuondoka na kufika. Kwa utaratibu huu mwendo wa msafara mzima ulitegemea hatua za mtu mmoja aliyeijua njia, na kijana mwenye nguvu hakuwa na haki ya kumpita kwa sababu tu ya kuwa na miguu mizuri.

Kupishana kulikuwa jambo gumu zaidi. Misafara miwili yenye urafiki ilipokutana, makirangozi walisogeleana kwa madaha, wakainama ghafla na kugongana vichwa kama kondoo dume, kisha wafuasi wakawaiga, na kwa kawaida mambo yakaishia kwenye vicheko. Hata hivyo kundi dhaifu lilipaswa kupisha na kutoa zawadi ndogo. Msafara ulioongozwa na Mwarabu ulidai njia moja kwa moja. Uzoefu, basi, uliheshimiwa ndani ya msafara, lakini baina ya msafara na msafara walioamua ni wenye nguvu na wenye cheo, na ni vigumu kuutazama utaratibu huo kama enzi ya dhahabu ya adabu barabarani.

Reli ya Kati, ambayo leo ina stesheni Igalula, ilifika Tabora mwaka 1912 na kuondoa sehemu kubwa ya kazi ya upagazi. Gari lilikuja na wazo jipya, yaani leseni, ambayo ni kibali anachopewa mtu mmoja mmoja baada ya kupimwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo sasa ni Sura ya 168, iliweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi na kilomita 80 kwa mabasi na magari makubwa, na kuhusu umri ikaweka mkazo kwenye mwanzo wa udereva. Anayeomba leseni ya basi kubwa hutakiwa awe amekwisha kumiliki leseni ya daraja la chini kwa miaka isiyopungua mitatu, sharti linalokaribia mantiki ya kirangozi. Mwisho wa udereva huamuliwa zaidi na sheria za ajira, kwa kuwa dereva wa serikali hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, ilhali mwenye gari lake huendelea kuhuisha leseni, ambayo muda wake uliongezwa mwaka 2019 kutoka miaka mitatu hadi mitano.

Nchi nyingine zimechagua njia tofauti. Uingereza humtaka dereva ahuishe leseni kila baada ya miaka mitatu tangu anapofikisha miaka 70, naye hujieleza mwenyewe kuhusu afya yake. Japani, tangu 2009, humpima kumbukumbu mwenye miaka 75 na zaidi. Na nchini Marekani kila jimbo lina kanuni yake. Vipimo hivyo vina maana, kwani jicho la mzee huhitaji mwanga zaidi na huchelewa kurejea hali yake likimulikwa na taa. Kati ya Tura na Tabora hoja hiyo imepata uzito karibuni tu: kipande cha Nyahua hadi Chaya, chenye kilomita 85.4, kilizinduliwa Mei 2022, na mabasi yaliyozuiwa kusafiri usiku tangu miaka ya 1990 yaliruhusiwa tena Oktoba 2023, hivyo dereva wa gari binafsi mwenye miaka sabini hukutana na taa zao gizani akiwa na leseni halali ya miaka mitano.